'Punda wetu anajua njia': Uhakiki wa neno tunalolichapa bure

Wiki mbili zilizopita binti wa jirani yangu hapa Ndanai aliniletea daftari lake la insha. Yuko Gredi ya Sita. Mada ilikuwa 'Mnyama Nimpendaye'. Wenzake waliandika kuhusu simba na ndovu, wanyama ambao wengi wao wamewaona kwenye vitabu tu. Yeye aliandika kuhusu punda wa kwao, anayebeba maji kutoka mtoni na maziwa hadi kituo cha kukusanyia. Sentensi moja ilikuwa hivi: "Punda yetu inajua njia, ukiipakia maji inarudi nyumbani peke yake."

Kalamu nyekundu ilikuwa imepita hapo mara mbili. Mara ya kwanza ilikata 'yetu inajua' na 'inarudi' ikaandika 'wetu anajua' na 'anarudi'. Mara ya pili ilichora mstari chini ya sentensi nzima, na pembeni pakaandikwa: "Punda hana akili. Tumia mnyama mwingine."

"Mwalimu," binti akaniuliza, "sasa niandike nini? Na huyo punda anajua njia kweli."

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na siwezi kujifanya kwamba sikuwahi kusahihisha namna hiyo. Ndiyo maana swali lake lilinikera. Sahihisho la kwanza ni sawa kabisa. La pili ni kosa. Tena hayo mawili yanapingana katika sentensi ileile: sarufi inamwambia mtoto kuwa punda 'anajua', kisha pambizo linamwambia kuwa punda hajui kitu.

Tuanze na sarufi. Huku kwetu, pembeni mwa mashamba ya chai tunakopakana na Transmara, 'punda yangu imechoka' ni usemi wa kila siku. Anayesema hivyo hana nia mbaya. Nomino punda haina kiambishi cha m- wala wa-, inafanana na nyumba na kalamu, na mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikipsigis hana mazoea ya kubadili kitenzi kwa sababu nomino ina uhai. Lakini Kiswahili kina sheria yake: chenye uhai, hata kama umbo la nomino yake ni la ngeli nyingine, hupewa upatanisho wa A-WA. Punda amechoka. Kifaru amelala. Kipepeo ametua.

Mara nyingi sheria hii hufundishwa kama adhabu, na uzuri wake haufafanuliwi. Tazama neno mbuzi. Akiwa zizini, tunasema mbuzi amekula mahindi. Lakini watu wa pwani wana kifaa cha kukunia nazi, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, nacho pia huitwa mbuzi. Kifaa hicho kikiharibika husemwa mbuzi imevunjika. Neno ni lilelile na matamshi ni yaleyale. Kinachotenganisha uhai na chombo ni a- na i- tu. Kwa hiyo mwalimu aliyefuta 'inajua' akaandika 'anajua' alifanya kazi kubwa kuliko alivyofikiri. Alimtoa punda kwenye orodha ya vyombo akamrudisha kwenye orodha ya wenye uhai. Tatizo ni kwamba sentimita tano pembeni alimfukuza tena.

Basi hukumu ya 'hana akili' ilitoka wapi? Haikutoka kwa punda. Ilitoka kwenye akiba yetu ya semi. Shule zetu zina orodha ndefu za tashbihi ambazo wanafunzi huzikariri: mlafi kama fisi, mpole kama njiwa, fanya kazi kama punda. Orodha hizi zina manufaa yake, lakini zina ubaya mmoja: zinamfanya mtoto aamini kuwa maana ya mnyama imeshafungwa, na kwamba kumtazama mnyama mwenyewe ni kupoteza muda. Mtoto wa Ndanai anayemwona punda asubuhi na jioni anatakiwa ajifunze kutoka kwenye karatasi kuwa anachokiona hakipo.

Methali nazo zina upande. 'Fadhila ya punda ni mateke.' Nani anasema hapa? Ni mwenye punda, anayelalamika kuwa amemlisha mnyama na malipo yake ni teke. Methali haimwulizi punda alibeshwa nini siku hiyo. Kisha kuna ule usemi unaopendwa na mameneja na wanasiasa: 'Afadhali punda afe, mzigo ufike.' Tazama vitenzi vyake viwili. Afe, ufike. Vyote viko katika hali ya kutaka, na anayetaka ni mwenye mzigo. Ni usemi mkali, na watu huutumia kujisifia bidii, wakisahau kuwa ndani yake kuna mmoja anayekufa na mwingine anayepokea bidhaa.

Mtu atasema labda dini zetu ndizo zilizompa punda sifa ya ujinga. Nimezipitia tena kwa ajili ya safu hii, na sioni hivyo. Katika Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 22, nabii Balaamu anampiga punda wake mara tatu kwa kukataa kwenda mbele. Mwishowe inajulikana kuwa punda alimwona malaika aliyesimama njiani na upanga, na nabii hakumwona. Mwenye macho katika hadithi hiyo ni punda. Jumapili ya Matawi, makanisa yetu yote hukumbuka mwana-punda aliyembeba Yesu kuingia Yerusalemu. Katika Kurani, sura ya 62 inatoa mfano wa punda aliyebeba vitabu. Wengi huuchukua mfano huo kama tusi kwa punda, ilhali wanaolaumiwa ni watu waliopewa maandiko wasiyafuate. Punda hakuwahi kuahidi kusoma. Ni kweli sura ya 31 inaitaja sauti ya punda kuwa mbaya kuliko sauti zote, na aliyewahi kulala karibu na zizi hatabisha. Lakini sauti mbaya si ukosefu wa akili.

Nimesema tuache orodha tumtazame mnyama. Kwa kuwa hii ni safu ya lugha, tulitazame na neno lenyewe, maana nalo limezushiwa mengi. Nimesikia ikifundishwa kwamba punda limetokana na kitenzi panda, kwa kuwa punda hupandwa. Maelezo hayo yanavutia, ila hayasimami. Kitenzi panda kina watoto wake halali: mpandaji, upandaji, kipando. Irabu ya mzizi inabaki a kwa wote. Kiswahili hakina kanuni ya kuunda nomino kwa kugeuza a ya mzizi kuwa u. Ukiikubali njia hiyo kwa punda, utalazimika kuikubali kwa kila maneno mawili yanayofanana kidogo.

Ushahidi bora uko kwenye matamshi ya wenyeji wa pwani. Maneno mengi ya ngeli ya I-ZI yalikuwa na king'ong'o mwanzoni, na Kiswahili kilikidondosha mbele ya konsonanti kama p, t na k. Wazulu bado wanasema inkukhu. Sisi tunasema kuku. King'ong'o kilipoondoka, katika lahaja za Mombasa na Lamu kiliacha pumzi nyuma yake. Ndiyo maana mzawa wa huko hutofautisha paa mnyama, anayetamkwa kwa pumzi, na paa la nyumba, lisilo na pumzi. Punda naye hutamkwa kwa pumzi. Hiyo ni alama ya neno lililokaa katika ngeli yake siku nyingi, likapitia mabadiliko sawa na kuku na paa. Lilinganishe na farasi, lililotoka Kiarabu na ambalo halina alama hiyo. Kamusi pia hutupa kisawe chake, kihongwe, ambacho leo wachache hukitumia.

Ukiacha pwani ukapanda huku bara, utaona kuwa punda hakufika kwa njia moja. Wakipsigis humwita sigiriet. Wamaasai, majirani zetu ng'ambo ya mpaka wa Transmara, humwita osikiria. Wakikuyu wana ndigiri. Sikiliza konsonanti hizo utasikia undugu: hili ni neno la wafugaji lililosafiri pamoja na mnyama, likivuka mipaka ambayo watu walikuwa wakipigania ng'ombe. Wakamba wana lao, ing'oi. Waganda wana endogoyi. Kusini zaidi, Wachewa wa Malawi wanamwita bulu, na hili limetoka kwa Wareno, ambao kama Wahispania humwita punda burro.

Wingi huu wa majina haupaswi kutushangaza, kwa sababu punda ni mtoto wa nyumbani. Utafiti wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliochunguza punda zaidi ya 200 wa nchi mbalimbali, ulihitimisha kuwa punda walifugwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, kisha wakaenea duniani. Ng'ombe, mbuzi na farasi wana historia zao ndefu kwingineko. Punda tuliutolea ulimwengu sisi. Kisha sisi hao hao tukalifanya jina lake kuwa tusi.

Hatuko peke yetu. Kihispania, lugha ya watu milioni mia kadhaa, kimemfanyia punda vivyo hivyo. Neno burro lilifupishwa kutoka borrico, lenye asili katika Kilatini cha baadaye, burricus, lililomaanisha farasi mdogo. Leo burro ni punda, na pia ni mtu mjinga. Kile chakula cha Wameksiko kiitwacho burrito, maana yake ni punda mdogo. Neno lilianza na udogo wa umbo, likaishia kwenye udogo wa akili. Mnyama hakubadilika njiani. Waliobadilika ni wasemaji.

Ila neno la Kihispania ninalotaka msomaji alitazame kwa makini zaidi ni lingine, cebra, yaani punda milia. Sisi tulimpa mnyama huyo jina kwa njia iliyo wazi: ni punda mwenye milia. Jina hilo peke yake linatuambia kuwa aliyelitunga alimjua punda wa nyumbani kwanza, akamtumia kumwelezea wa mwituni. Wareno na Wahispania nao walifanya hivyo hivyo, ila kwao hadithi iliisha vibaya. Katika Enzi za Kati palikuwa na mnyama wa mwituni huko Hispania na Ureno, wa jamii ya farasi na punda, aliyeitwa zebro au encebra. Wanaisimu wengi hulifuatilia neno hilo hadi Kilatini equiferus, farasi mwitu. Wareno walipofika Afrika wakaona mnyama mwenye milia, walimpa jina la yule wa kwao. Kufikia karne ya 16, zebro wa Ulaya alikuwa amekwisha kwa kuwindwa. Jina likabaki. Leo Mhispania akisema cebra, hakuna hata mmoja katika mia anayejua kuwa anataja mnyama aliyewahi kuishi nchini mwake. Neno liko hai, aliyelizaa hayupo, na maana yake ya kwanza haikuachiwa hata kona.

Nilipoisoma habari hiyo sikuiona kuwa ya Hispania tu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda karibu milioni 1.8. Ile ya 2019 ilihesabu karibu milioni 1.2. Katikati ya sensa hizo mbili, nchi iliruhusu vichinjio vya punda, na ngozi zikasafirishwa kwenda China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaenea. Mtu aliamka asubuhi akakuta kamba tu. Februari 2020, Waziri wa Kilimo Peter Munya alitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote.

Hayo ni mambo ya uchumi na sheria, lakini yana upande wa lugha. Neno hupata maana kwa watu wanaoishi na kitu. Mnyama akipungua, wanaomjua hupungua, na maana anayobaki nayo ni ile ya wasiomjua. Punda wakiisha Bomet, neno punda halitakufa. Litabaki kwenye orodha ya tashbihi na kwenye midomo ya watu wenye hasira: "Wewe punda!" Litakuwa kama cebra, jina lisilo na mwenyewe, ila letu litakuwa limebakiwa na tusi tu.

Tayari neno limeanza kutumiwa kwa watu kwa namna inayotisha. Magazeti ya Tanzania na ya hapa huwaita punda vijana wanaobebeshwa dawa za kulevya kwenda nchi za nje. Wahispania nao huwaita mula, yaani nyumbu. Istiari hiyo ina ukweli wake, kwani mbebaji hulipwa kidogo na hukamatwa yeye, huku mwenye mzigo akiwa hajulikani. Lakini tazama linavyofanya kazi kwenye kichwa cha habari: 'Punda wawili wanaswa'. Majina yamekwenda, umri umekwenda, aliyewatuma hakutajwa. Ni 'punda afe, mzigo ufike' kwa mara nyingine, safari hii katika herufi kubwa.

Hata hivyo, Wakenya wa kawaida wamelifanyia neno hili jambo jema, tena bila kamati yoyote ya lugha. Kila ushuru unapopanda na unga unapokuwa ghali, utasikia: 'Punda amechoka.' Usemi huu una maneno mawili tu, na ndani yake mna mapinduzi. Katika methali za zamani, anayesema ni mwenye punda. Hapa anayesema ni punda. Kitenzi si cha kutaka tena, kama afe na ufike. Ni cha hali iliyotimia: amechoka. Na ni a-. Hata watu ambao sokoni watasema 'punda yangu imechoka' wakimaanisha yule wa zizini, wakiandika bango husema amechoka. Sijamwona aliyeandika 'punda imechoka' kwenye bango. Anapokuwa ni wao wenyewe, sarufi haiwapi shida.

Nilimrudia binti yule na nyanya yake, ambaye wote huku tunamwita Kogo, akiwa anamfungua punda mitungi. Nikamsomea lile sahihisho la pembeni. Kogo akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ati hana akili? Mwalimu, farasi akiogopa anakimbia anakuangusha. Huyu akiogopa anasimama, anaangalia kwanza. Mimi nikiona amesimama, najua kuna kitu kwa njia. Mjinga ni yule anampiga badala ya kuangalia mbele."

Nikakumbuka Balaamu. Sidhani Kogo alikuwa akimfikiria nabii yeyote. Alikuwa akieleza njia ya mtoni. Lakini hapo ndipo nilipopata maana ya neno punda niliyokuwa nikiitafuta kwenye vitabu, na ilikuwa imetolewa na mtu ambaye hataulizwa na mtunga kamusi hata mmoja.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Endeleeni kusahihisha 'inajua' iwe 'anajua'; hilo ni jukumu letu, na anayelidharau anawanyima watoto Kiswahili. Lakini mkiisha kuandika 'anajua', msiifute kwa mkono wa pili. Tashbihi iliyokaririwa isipewe alama kuliko jambo ambalo mtoto ameliona kwa macho yake. Na watunzi wa vitabu vya darasani, ambao huongeza tashbihi mpya kila toleo, watoke siku moja waende kwenye kisima chochote saa kumi na mbili asubuhi wakiwa na daftari.

Binti aliniuliza tena aandike nini. Nilimwambia aandike sentensi ileile, kwa upatanisho sahihi: Punda wetu anajua njia, ukimpakia maji anarudi nyumbani peke yake. Ameirudisha. Mwalimu wake bado hajaisahihisha.